Ugonjwa unalipukaje? Kuhusu neno outbreak

Mpwa wangu ana miaka minane na juzi kati kaniuliza swali ambalo mpaka leo naona sijalimaliza. Alikuwa amekaa pembeni yangu wakati natafsiri tangazo la afya, ni kazi ya kujitolea tu nnayofanya mara moja moja, na mi huwa nasoma kwa sauti maana ndo ninavyojua kama sentensi imekaa sawa au inachechemea, sasa nikafika kwenye "mlipuko wa kipindupindu" akanyanyua kichwa akasema, "Mjomba, kipindupindu kinalipukaje?"

Nikamwambia hakilipuki, ni namna ya kusema tu.

Akanyamaza kidogo. "Sasa kwa nini umeandika kinalipuka?"

Nilitaka nimjibu haraka haraka nirudi kwenye kazi, nikashindwa, kwa sababu kwenye karatasi ya Kiingereza iliyokuwa mbele yangu hakukuwa na mlipuko wowote. Neno lililokuwepo pale ni outbreak, na kwenye outbreak hakuna baruti, hakuna kishindo, hakuna moshi. Mlipuko nimeuleta mimi, kwa mazoea, kwa sababu kila mtu anaandika hivyo na mi nimekuwa nikiandika hivyo miaka yote bila kujiuliza. Alafu nilimwangalia usoni nikaona hofu ambayo sio ile tangazo lilitaka kumpa. Tangazo lilitaka aogope maji machafu na mikono isiyonawiwa. Yeye alikuwa anawaza nyumba inarushwa hewani.

Hiyo kwangu sio kitu kidogo. Ukiambiwa kuna mlipuko unakimbia, au unalala chini unafunika kichwa, basi, huna kingine cha kufanya, kitu kimeshalipuka. Ukiambiwa kuna kitu kimetoboa kikatoka mahali kilipokuwa kimefungiwa, swali la kwanza linalokuja ni kimetokea wapi, na la pili ni je tunaweza kuziba. Ni picha mbili tofauti kabisa na zinampeleka msomaji sehemu mbili tofauti.

Basi nikaacha tangazo, nikafungua kamusi.

Outbreak ni maneno mawili mafupi yaliyoshikamana, out yaani nje, na break yaani vunja au vunjika. Kuvunja na kutoka nje. Limetokana na kitenzi break out, ambacho ndo hichohicho wanachotumia Waingereza kwa mfungwa aliyetoroka gerezani. Yaani ndani ya neno lenyewe kuna ukuta. Kuna kitu kilikuwa ndani, kuna kizuizi, na kile kizuizi kimeshindwa. Ukilisoma outbreak bila kuuona huo ukuta unakuwa umesoma nusu ya neno, na mi nadhani wengi wetu tuliojifunzia Kiingereza darasani tumesoma hiyo nusu tu, ile ya "ghafla", maana ndo kamusi inaanza nayo: tukio la ghafla la kitu kibaya kama vita au ugonjwa. Ndo maana yake, sibishi. Ila ni maana ambayo imeufuta ukuta.

Neno lina umri wake. Shakespeare analo kwenye Hamlet, tamthilia ya karibu mwaka 1600, pale mzee Polonius anapomwagiza mtumishi wake aende Paris akachunguze mwenendo wa mwanawe, na anasema makosa ya vijana yachukuliwe kama mmweko na outbreak ya akili yenye moto. Hapo hakuna ugonjwa wala vita, ni kijana tu ambaye kilichomo ndani yake kinazidi kile kinachomzuia. Miaka zaidi ya mia nne imepita na picha ni ileile.

Sasa matumizi. Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo panapowaangusha watu.

Kwanza outbreak halikai na kitu kizuri. Utasikia outbreak of war, outbreak of violence, outbreak of fire, outbreak of measles, vita, vurugu, moto, surua. Husikii outbreak ya harusi wala outbreak ya amani, na Mwingereza akisema amani "imebreak out" ujue anachezea neno makusudi, anataka ushtuke. Kiswahili nacho kina tabia hiyo kidogo kwenye kuzuka, ugomvi unazuka, fujo zinazuka, uvumi unazuka, lakini upendo kuzuka mmh, sikio linakataa.

Pili, kuna outbreak moja ambayo haina ubaya mkubwa na inachanganya sana watu wanaojifunza, ni ile ya utabiri wa hali ya hewa wa Uingereza. Wanasema outbreaks of rain. Hapo usitafsiri milipuko ya mvua tafadhali, hakuna mawingu yanayopasuka wala mafuriko, wanamaanisha vipindi vya mvua tu, inanyesha hapa inaacha, inanyesha pale inaacha, na mara nyingi ni mvua ya kawaida kabisa ya kutembea na mwavuli. Wamarekani kwa upande wao wana tornado outbreak, na hiyo sio ya mwavuli. Ni pale mfumo mmoja wa hali ya hewa unapozaa vimbunga vya tornado vingi kwa mfululizo, na ile ya tarehe 3 na 4 Aprili 1974 ilitoa tornado 148 kwenye majimbo 13 ndani ya saa kama 24. Angalia lakini, hawaiti outbreak tornado moja hata iwe kubwa namna gani. Lazima ziwe nyingi, za chanzo kimoja. Hilo litatusaidia baadaye.

Tatu, sarufi. Outbreak ni nomino, inahesabika, an outbreak, two outbreaks, na mkazo unakaa mwanzoni, OUT-break. Kitenzi ni maneno mawili na hayaungani, war broke out, fire broke out. Kosa nnaloliona mno ni "the war was broken out", mtu anadhani lazima vita vifanywe na mtu fulani kwaiyo anaweka kauli ya kutendwa. Haiwezekani. Break out hakina mtendwa, vita vyenyewe vinajitoa, Kiingereza kinataka hivyo, na hii tabia ya kujitoa nitairudia maana ina mambo yake. Alafu ukigeuza ukasema breakout, mkazo bado mwanzoni, umeshahama, hiyo ni kutoroka gerezani au chunusi kutoka usoni au msanii aliyejulikana kwa mara ya kwanza. Na outburst ni ya mtu, ni hasira au kilio kinachomtoka mtu mdomoni hawezi kukizuia. Ukisema nchi ina outburst ya surua watakuelewa ila watatabasamu.

Kwenye afya ndo neno limepewa kazi nzito na mipaka yake inaeleweka. Kwa watu wa epidemiolojia, yaani wanaochunguza magonjwa yanavyoenea, outbreak sio "wagonjwa wengi". Ni wagonjwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, mahali fulani, kwa muda fulani. Neno zito hapo ni kutarajiwa. Kama eneo fulani kila msimu wa baridi linapata wagonjwa mia wa mafua, basi wagonjwa mia sio outbreak, ni msimu. Lakini ndui, ambayo ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980, mgonjwa mmoja tu leo angekuwa outbreak na dunia nzima ingeamka, kwa sababu namba inayotarajiwa ni sifuri. Na kwenye chakula, watu wawili au zaidi wakiumwa ugonjwa uleule kutokana na chakula kilekile, tayari inahesabika outbreak, ni kama zile tornado, chanzo kimoja, zaidi ya moja. Epidemic ni karibu kitu hichohicho, ila watu hulitumia kwa eneo kubwa zaidi, na pandemic inavuka nchi na mabara. Kwaiyo ukiona mtu kaandika "outbreak ya dunia nzima" ujue kachanganya.

Sasa ukifikiria hiyo maana ya kutarajiwa utaona kitu. Ili ujue wagonjwa wamezidi lazima uwe ulikuwa unahesabu tangu kabla. Asiyehesabu hana outbreak, ana msiba tu. Outbreak inahitaji mtu wa kuiona, na siku inayotangazwa ni siku aliyoiona, sio siku ilipoanza.

Hapa ndo nilipokwama usiku ule, kwenye hilo neno ghafla.

Maana kamusi zote zinasema ghafla. Sudden. Nikaona basi niangalie na haya yametoka wapi, na kusema kweli nilichokuta kilinifanya niache kila kitu. Sudden ya Kiingereza imepitia Kifaransa cha zamani ikitoka kwenye Kilatini, na mzizi wake ni kitenzi subire, sub chini na ire kwenda. Kwenda chini chini. Kusogea taratibu bila kuonekana. Yaani neno ambalo leo tunalitumia kwa kitu kilichotokea mara moja, kwa asili linasema kitu kilikuwa kinakuja muda wote, ila kilipita chini.

Na ghafla yetu? Ghafla ni ya Kiarabu, na kule maana yake sio haraka wala kasi. Ni hali ya kutokuwa macho, kusahau, kuzubaa. Tunalo hilo mpaka leo kwenye Kiswahili, mtu akighafilika hajafanya kitu cha haraka, kajisahau, akili yake haikuwepo. Kwaiyo unaposema "amefika ghafla" kwa mzizi wa neno hujasema chochote kuhusu mwendo wake aliyefika. Umesema habari zako wewe uliyefikiwa. Umekutwa umeghafilika.

Nikakaa na hilo kwa muda mrefu. Watu wawili wasiojuana, Mrumi na Mwarabu, mmoja anasema kilipita chini, mwingine anasema hatukuwa tunaangalia, na wote wawili wanazungumzia kitu kimoja.

Mfano ambao kwangu unafunga mjadala ni ule wa London mwaka 1854, mtaa wa Broad Street, Soho. Usiku wa tarehe 31 Agosti kipindupindu kilianza kuua watu pale kwa kasi ambayo watu hawakuwahi kuiona, ndani ya siku tatu walikuwa wamekufa watu 127 kwenye mtaa huo na pembeni yake, familia nzima nzima, na mwisho wa yote walifika zaidi ya 600. Daktari John Snow, ambaye aliandika habari zake mwaka uliofuata, alitumia neno hilihili, outbreak, akaiita ya kutisha kuliko zote zilizowahi kutokea kwenye ufalme ule. Alipita nyumba kwa nyumba, akaona vifo vimejikusanya kuzunguka pampu moja ya maji, akawaendea viongozi wa parokia, na tarehe 8 Septemba mkono wa pampu ukang'olewa. Hiyo sehemu ya pampu inajulikana sana.

Sehemu isiyosimuliwa sana ni ya yule kasisi kijana wa pale, Henry Whitehead, ambaye mwanzoni hakukubaliana na Snow hata kidogo na aliendelea kuchunguza ili aonyeshe kwamba Snow kakosea. Katika kuchunguza akakuta kuna kichanga kwenye nyumba namba 40, jirani kabisa na ile pampu, ambaye aliugua kuharisha siku chache kabla ya tarehe 31. Mama yake alikuwa anafua nepi zake na maji anayamwaga kwenye shimo la maji taka mbele ya nyumba. Walipochimba wakakuta matofali ya lile shimo yameoza yamelegea, na kisima cha pampu kiko chini ya mita moja kutoka hapo. Uchafu ulikuwa unapenya kwenye udongo kwenda kwenye maji ya kunywa.

Kwaiyo niambie, ghafla iko wapi hapo? Matofali hayaozi kwa siku moja. Lile shimo lilikuwa linavuja kabla hata mtoto hajazaliwa labda, ila lilikuwa linavujisha uchafu wa kawaida, watu wanakunywa hawajui, mpaka siku uchafu wenye vimelea vya kipindupindu ulipoingia. Kwa aliyekuwa juu ya barabara ilikuwa ghafla. Kwa aliyekuwa chini na matofali ilikuwa miaka. Na angalia lile neno outbreak linavyokaa hapo vizuri, ukuta ulikuwepo kweli, wa matofali, na kitu kimetoboa kweli kikatoka. Mlipuko je? Hakuna kilicholipuka Broad Street. Kulikuwa na tone linalofuata tone.

Na sio habari za karne ya 19 tu. Ebola ya Afrika Magharibi dunia ilitangaziwa na Shirika la Afya Duniani tarehe 23 Machi 2014, na vyombo vya habari vikaandika imelipuka. Waliorudi nyuma kufuata mnyororo wa wagonjwa walifika kwenye kijiji cha Meliandou, Guinea, kwa mtoto mdogo aliyefariki Desemba 2013. Miezi mitatu. Miezi mitatu watu wanazika, wauguzi wanaugua, na neno outbreak bado halijatamkwa. Ilipokuja kumalizika walikuwa wamekufa zaidi ya watu 11,000. Mi nikisoma "mlipuko wa Machi 2014" siku hizi moyo unakataa, kwa sababu hiyo tarehe inafuta ile miezi mitatu, na kwenye ile miezi mitatu ndo kulikuwa na nafasi.

Nzige wa jangwani wako hivyohivyo. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wana maneno yao wameyapanga kwa ngazi, kwanza kipindi cha utulivu, alafu outbreak, alafu upsurge yaani wakiongezeka zaidi, alafu plague yaani baa lenyewe, na wakati wa utulivu nzige hawajaisha, wapo, wamejitawanya jangwani, kila mmoja na maisha yake, hata rangi yao ni ya kujificha. Ikinyesha mvua nzuri wanazaliana, majani yakikauka wanasogezwa kwenye vipande vidogo vya kijani, wanabanana, wanagusana miguu ya nyuma, na huko kugusana ndo kunakowabadilisha tabia wakaanza kutembea kwa makundi. Anayeliona kundi angani anasema wametokea ghafla.

Turudi kwenye ile tabia ya kujitoa, kwamba break out hakina mtendwa. Kwenye ugonjwa sina shida nayo sana. Kwenye vita nina shida nayo na nitaisema.

Kiswahili kina familia nzima ya vitenzi vya namna hii na vingi vinaishia na -uka: zuka, lipuka, ibuka, fumuka, zibuka, pasuka, tumbuka, kurupuka. Sikiliza vinavyofanana. Alafu vingi kati yao vina ndugu yake wa -ua, zua, lipua, ibua, fumua, zibua, pasua, tumbua. Wa -uka kitu kinajitokea chenyewe. Wa -ua kuna mkono wa mtu. Na vingi vya jamii hiyo vinazungumzia kufungua kilichokuwa kimefungwa, ziba ukizibua kinazibuka, fuma ukifumua kinafumuka, ni kama lugha yetu nayo ilikuwa inaujua ule ukuta siku zote.

Sasa "vita vilizuka" na "walizusha vita" sio sentensi moja. Kiingereza kinasema the outbreak of war kuhusu 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia, na ukisikia hivyo unaona kama mvua, imekuja tu. Lakini kati ya risasi za Sarajevo zilizomuua mrithi wa kiti cha Austria-Hungary tarehe 28 Juni na Uingereza kuingia vitani tarehe 4 Agosti zilipita siku 37, na katika hizo siku kuna watu waliokaa mezani, wakaandika barua, wakapeana masharti na saa za mwisho, wakasaini amri za kuita wanajeshi, Austria-Hungary ikatangaza vita dhidi ya Serbia tarehe 28 Julai kwa maandishi. Kalamu zilishikwa na mikono. Neno outbreak halidanganyi kwamba kulikuwa na kitu ndani kinasukuma, kulikuwa nacho kweli, ila linamficha aliyevunja ukuta. Kwaiyo mi nikikutana na vita broke out kwenye kazi ya kutafsiri, sikimbilii tu vilizuka. Naangalia kwanza kama mwandishi anajua nani alizusha. Kama anajua na kaficha, hilo ni lake, siwezi kumsemea, lakini kama kamtaja kwenye sentensi inayofuata basi naona ni haki Kiswahili kimtaje mapema, maana Kiswahili kinaweza.

Na kumbuka zuka ndo imezaa uzushi na mzushi. Na mzuka pia. Jamaa mmoja wa familia.

Baada ya hapo nikaanza kuangalia wenzetu wanaonaje. Mjerumani ana Ausbruch, sawa kabisa na Kiingereza, nje na kuvunja, na analitumia hilohilo kwa volkano na kwa mfungwa. Mholanzi uitbraak, hivyohivyo. Mfaransa anapenda flambée, moto uliopanda mara moja, na Mwitaliano anasema focolaio, ambalo limetokana na meko, mahali moto ulipo. Ila aliyenigusa zaidi ni Mhispania. Yeye ugonjwa ukizuka anaita brote, na brote ni chipukizi. Jani changa linalotoa kichwa udongoni. Nikawaza kwa muda hiyo picha, kwamba ukiona chipukizi unajua chini kuna mbegu na mizizi, hakuna anayeona mche akadhani umedondoka kutoka mbinguni. Ni neno pole kwa jambo baya, na labda ndo ubaya wake, halitishi vya kutosha. Lakini kwa ukweli wa jinsi magonjwa yanavyokwenda, Mhispania katushinda wote.

Na sisi? Mlipuko nimeshasema. Sitaki tuupige marufuku, "magonjwa ya mlipuko" limeshakaa kwenye vitabu na kwenye vinywa vya wahudumu wa afya na kila mmoja wao anaelewa, kulibadilisha kwao ni kuwachanganya. Ila kwa tangazo linalobandikwa ukutani lisomwe na mtoto wa miaka minane na bibi yake, naona tuna maneno bora. Kuzuka ni zuri, jepesi, lipo midomoni. Kuibuka linasema kitu kilikuwa chini ya maji kikaja juu, na kwa ugonjwa uliowahi kuwepo ukapotea ukarudi naona ndo lenyewe. Kufumuka ni la mshono ulioachia, uzi mmoja ukikatika nguo nzima inafunguka, na kwa fujo za watu naona linafaa kuliko yote.

Lakini kuna mkurupuko. Waandishi wengine wanalitumia, mkurupuko wa kipindupindu, na zamani nilikuwa nalionea uvivu, naliona la kizamani. Fikiria lakini kukurupuka ni nini. Ni mnyama aliyekuwa amejilaza kichakani, au mtu aliyekuwa usingizini, akatoka mbio. Kitendo ni cha ghafla kuliko hata mlipuko. Ila ndani yake kuna kichaka. Kuna mahali pa kujificha na kuna kilichokuwa kimejificha, na kuna wewe uliyepita pembeni bila kujua. Out ipo, break ipo, ghafla ipo, na ule ukuta upo, umekuwa majani tu badala ya matofali. Wapo watakaosema neno limeshaharibika, kwamba siku hizi kukurupuka ni kufanya jambo bila kufikiri, ukimwambia mtu "umekurupuka" umemtukana. Ni kweli, na kwenye sentensi inayomhusu mtu ningejihadhari. Kwa ugonjwa sioni tatizo, hakuna atakayedhani kipindupindu hakikufikiri vizuri.

Nikarudi kwa mpwa wangu siku ya pili yake. Nikamuuliza kama anawajua kwale. Anawajua. Nikamwambia unatembea kwenye majani, huoni kitu, husikii kitu, mara mbele ya mguu wako kwale karuka na mabawa yote, moyo unakupasuka. Je kwale kalipuka?

Akasema hapana, kakurupuka.

Nikamwambia basi nimefuta mlipuko kwenye tangazo, nimeandika hivyo. Akafikiri. "Kwaiyo alikuwepo pale muda wote?" Nikamwambia ndiyo, muda wote. Na tukakaa tukaongea habari za pampu ya London na yale matofali, na alielewa haraka kuliko watu wazima wengi niliowahi kuwasimulia, akaenda mwenyewe kuangalia kama ndoo ya maji imefunikwa.

Alafu akauliza lingine, kama akishakurupuka anarudi kichakani, na tunajuaje kama karudi au kaondoka kabisa. Hilo Kiingereza hakina jibu lake kwenye neno, outbreak inakuambia kimetoka basi, haikuambii kinakoma vipi. Wenye jibu ni wahesabuji. Nikamweleza jinsi wanavyofanya kwa Ebola, kwamba mtu anaweza kukaa na virusi mpaka siku 21 kabla ya kuanza kuumwa, kwaiyo mgonjwa wa mwisho akishapimwa mara ya pili na kukutwa hana kitu, au akishazikwa salama, wanahesabu mara mbili ya hizo siku, 42, bila mgonjwa mpya hata mmoja, ndo wanatangaza imeisha.

"Na siku ya 41 akipatikana mmoja?"

Wanaanza tena moja.